Chè bắp ya Vietnam, mchele umegoma kuiva, nisaidieni

MamaPacha: Habari zenu wapendwa, mwaka jana nilikuwa Huế, mji wa katikati ya Vietnam, kikazi nikala kibakuli cha kitu wanaita chè bắp, mahindi mabichi matamu mazito hivi, juu wamemwagia tui jeupe, nikasema huyu si ndugu yake mahindi ya nazi ya kwetu Tanga! Jana nimejaribu, nikabandika vyote pamoja, mchele mahindi sukari tui, saa nzima na robo mchele bado una kiini na tui limekatika limebaki mafuta tu juu. Mchele ni wa Kyela. Nimekosea wapi?

kijiko_kikubwa: Pole dada, sukari ndo imekuponza, ukiiwahisha mchele haulainiki, itie mwishoni kabisa. Na Kyela ni mtamu ila haunati, tafuta ule mchele wa kunata kwenye maduka ya Wachina, uloweke usiku. Magunzi umetupa?? Kosa hilo, yachemshe kwanza kama nusu saa, hayo maji ndo ya kupikia. Punje ziparuze nyembamba kwa kisu kisha pitisha mgongo wa kisu kwenye gunzi utoe yale maziwa.

Mzenji77: Tui usilipikie humo ndani. Sufuria yake ndogo, moto mdogo, chumvi, na unga wa muhogo kijiko cha chai umeukoroga na maji, likishika kidogo epua, unamwagia wakati wa kula. Chumvi usiruke tafadhali, bila hiyo ni sukari tupu mdomoni. Wenzetu wanatia na jani la pandani la kuleta harufu nzuri, mi huwa sina na maisha yanaenda.

bwana_supu: Ila jamani huyu kala Huế, ya kule mara nyingi haina mchele, inashikwa na unga tu, mahindi yao maarufu ni ya Cồn Hến, kisiwa kidogo katikati ya mto. Ya mchele ni ya kusini. Kaskazini wanaita chè ngô, na huko huko neno chè, yaani uji mtamu kama huu, ni chai pia, nilishachanganyikiwa mgahawani siku moja hadi muuzaji akacheka.

MamaPacha: Kumbe! Ndo maana sikumbuki mchele kabisa 😂 Nimerudia leo na unga wa muhogo, magunzi nimechemsha, imetoka yenyewe. Mume kauliza mbona uji una chumvi, ila bakuli la pili kajipakulia mwenyewe.