Mshairi anakuja shuleni Ijumaa, maswali ya wanafunzi yanafanana yote. Naomba ushauri

Mwalimu wa Zamu
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Kiswahili sekondari moja mkoani Tanga, na klabu ya Kiswahili iko chini yangu. Ijumaa tunapata mgeni, mshairi kutoka Pemba. Diwani yake (kitabu chake cha mashairi) kidato cha tatu wameisoma muhula huu. Tumepangiwa saa moja na nusu.

Niliwaambia kila mmoja aandike swali lake kwenye karatasi. Nimezisoma jana usiku, nikachoka kabla sijafika katikati. "Ulianza lini kutunga?" "Nani alikuvutia?" "Una ujumbe gani kwa vijana?" "Dhamira kuu ya shairi la kwanza ni ipi?" Hilo la mwisho limebakiza kuwekewa alama tu.

Swali moja ndilo limenishtua. Binti mmoja mkimya wa kule nyuma kaandika: "Ubeti wa nne, mshororo wa pili, ukwapi una mizani 8 lakini utao una 7. Ulikusudia au ulikosea?" (Kwa wasio wa fani: mshororo ni mstari wa shairi, ukwapi ni nusu yake ya kwanza, utao ya pili, na mizani ni hesabu ya silabi.) Mwalimu mwenzangu anataka tulitoe, anasema ni kumvunjia mgeni heshima. Mimi roho inasita. Mnasemaje?

Jua Kali
Naweka kambi hapa. Ila mmoja amuulize ushairi unalipa kiasi gani, maana wa kwangu naye anataka kuwa malenga na ada bado sijamaliza.

Mzee wa Vina
Mwalimu, usilitoe hilo swali kabisa. Katika karatasi zote ulizotaja, huyo binti peke yake ndiye aliyelisoma shairi. Wengine wameisoma picha ya mwandishi nyuma ya jalada.

Ila kwanza mkae naye mhesabu upya. Watoto wengi huteleza kwenye silabi za m na n. "Nchi" ni mizani mbili, n na chi. "Mtu" ni mbili. "Mbwa" mbili. Lakini "mbali" nayo ni mbili tu, mba na li, haifiki tatu. Kama kwenye huo utao kuna "nchi" na yeye kaihesabu moja, basi 8 imetimia, na mmejiokoa na aibu ukumbini.

Hayo maswali mengine usiyatupe. Yarudishe kwa wenyewe kwa sharti moja: kila swali libebe mshororo ndani yake. Aliyeandika "ulianza lini kutunga" achague shairi moja, aulize ni ubeti gani ulikuja kwanza, na upi ulikatwa. Mshairi akiulizwa alichokifuta huamka. Akiulizwa ujumbe kwa vijana atasema someni kwa bidii, mnakwenda kula.

Mwalimu wa Zamu
Mzee shikamoo, na asante. Tumehesabu naye mapumziko ya saa nne. Hakuna nchi, hakuna mtu, hakuna mbwa. Bado ni 7.

Mzee wa Vina
Marahaba. Basi huyo binti ana sikio. Mlindeni.

Mkaa Pwani
Naandika kutoka Mombasa. Mwalimu, mnahesabu kwa macho, na shairi la pwani ni la kughani, yaani kusomwa kwa mahadhi. Mwenye sauti anaweza kuvuta irabu moja na pengo lisisikike kabisa. Huku kwetu tungo za Muyaka, malenga wetu wa zamani, ziliishi midomoni na vifuani mwa watu miaka mingi kabla hazijawekwa kitabuni, nani alikuwa anahesabu kwa kidole? Tena huenda mpiga chapa amedondosha herufi. "Mwana" ikichapwa badala ya "mwanawe", mizani moja imekwenda na mshairi hana habari.

Kwa hiyo binti asiulize "ulikosea?" Amwombe mgeni aghani ubeti wa nne wote, kisha aseme: "Tulipohesabu utao wa mshororo wa pili tulipata 7. Je, ndivyo ulivyouandika?" Swali ni lile lile, ila sasa mgeni ana pa kupitia. Mkubwa huulizwa, hasutwi.

Tausi wa Kidato cha Sita
Mimi nimemaliza juzi tu, niwaambie ukweli wa upande wetu. Hatuulizi maswali ya maana kwa sababu mwalimu wa nidhamu anasimama pembeni amekunja uso, na maswali yameshapitiwa ofisini. Unaletewa karatasi iliyochapwa, unasoma swali ambalo hata si lako, unapigiwa makofi, unakaa. Mgeni akijibu kitu cha ajabu huwezi kumfuata maana foleni inasubiri. Mwachieni binti aulize swali la pili baada ya jibu. Uhondo wote uko kwenye la pili.

Katibu Mstaafu
Saa moja na nusu mnayo ya jina tu. Utambulisho wa meza kuu dakika ishirini. Risala. Ngonjera ya kumkaribisha mgeni. Neno la mkuu wa shule, neno la mwakilishi wa wazazi. Marehemu Mathias Mnyampala, mshairi aliyezishughulikia ngonjera, sidhani kama alikusudia ziwe za kula muda wa watu. Toa risala, punguza meza kuu, anza na shairi moja linaloghaniwa na mgeni mwenyewe, kisha maswali moja kwa moja.

Mchonga Beti
Kuna wanaotaka kumuuliza kuhusu mashairi huru, yale yasiyofungwa na vina (silabi za mwisho zinazofanana) wala mizani? Najua lazima wapo. Wasimuulize "wewe uko upande gani", huo ugomvi umezeeka. Mshairi Amri Abedi aliweka sheria zake za kutunga kitabuni mwaka 1954, Kezilahabi akaja na diwani yake *Kichomi* mwaka 1974 bila vina wala mizani ya kuhesabu, wazee wakawaka. Mgeni wenu kaulizwa hilo mara nyingi na jibu analo mfukoni. Kama diwani ina aina zote mbili, wachukue shairi huru moja wamuulize: hili ungelifunga kwa vina, ni neno gani lingekufa? Hapo hana jibu la mfukoni.

Na swali la woga pia lisikosekane. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972, na mashairi aliyoyatunga jela ndiyo yakawa *Sauti ya Dhiki*. Mwanafunzi akimuuliza mgeni kama kuna shairi aliwahi kulificha, sioni ubaya.

Halafu jambo moja linanishangaza, hapa watu wote wa vina na hakuna aliyelisema. Malenga huulizwa kwa shairi! Magazeti ya zamani tangu *Mambo Leo* yalijaa washairi wakiulizana na kujibizana kwa beti. Mpe binti huu afungulie:

Malenga tunauliza, utujibu hadharani,
Kina kinapokukwaza, neno likose mizani,
Ni kipi unapunguza, je cha nje au cha ndani?
Usiache kutufunza, tumekuja kisimani.

Mkaa Pwani
Mizani sawa, 16 kila mshororo. Lakini kina cha kati, kile cha mwisho wa ukwapi, umeteleza kwenye mshororo wa mwisho. "-nza" na "-za" si kina kimoja, huku wangekurudisha chuoni.

Mchonga Beti
Nimeiacha makusudi, mgeni akiinasa mazungumzo yameanza.

Jua Kali
Makusudi 😂😂 Ndiyo maana mwanangu anataka kuwa malenga.

Mzee wa Vina
"Usichoke kueleza." Imekwisha hiyo.

Mwalimu wa Zamu
Nimecheka hadi mama watoto kaja kuangalia. Nimeshaamua. Karatasi nimezirudisha leo na sharti la Mzee: hakuna swali bila mshororo. Risala nimeiomba kwa mkuu wa shule iende mwisho, kakubali kwa shingo upande. Mwenzangu bado ana wasiwasi na swali la mizani, ila maneno ya Mkaa Pwani yamemlainisha, na binti anayafanyia mazoezi. Ubeti wa Mchonga nimempa, akausoma mara moja akaniuliza, "Mwalimu, hii -nza imekaaje hapa?"

Swali langu la mwisho: mgeni apewe maswali mapema, au ayakute ukumbini?

Tausi wa Kidato cha Sita
Ayakute ukumbini.

Mkaa Pwani
Mpeni lile la mizani peke yake, asubuhi, pamoja na chai. Naye akapekue mswada wake.