Grupu: Ukoo wa Bi Zainabu, Gerezani, Dar

JUMATANO

Da Rukia: Assalam aleikum ukoo. Jumamosi kikao cha video saa 3 usiku kwa saa za Dar, kila mtu awepo. Ajenda ni moja tu, Jabir wa Salim na Asha. Jibuni NIPO au SIPO, sitaki vidole gumba

Hamisi Muscat: 👍

Da Rukia: Hamisi!!

Hamisi Muscat: Nipo dada nipo. Huku itakuwa saa 4, sawa tu

Da Rukia: Atlanta itakuwa saa 8 mchana. Salim umeona? Wifi Asha umeona? Watu kumi na tisa mmesoma, tiki za bluu nazihesabu hapa

Mwana: Mama simu ya bibi inakula chaji ukituma tuma hivi

Da Rukia: Mwambie bibi yako Jumamosi asilale mapema

Mjomba Athumani: Aleikum salaam wanangu. Salim ile picha yenu ya Idi mbele ya jabali imependeza sana. Nimeiweka profaili

ALHAMISI

Asha: Waaleikum salaam wifi, samahani nilikuwa zamu ya usiku. Kwa ambao hamjapata habari, Jumapili Jabir alimpeleka mwenzie kwao, huko kaskazini ya mji kwenye mitaa ya majani yaliyonyolewa kama zulia, akawa anamsubiri nje kwenye gari, mtu akachungulia dirishani akapiga simu, zikaja gari mbili za polisi. Mikono kwenye usukani, tochi usoni, unatafuta nini huku, gari la nani, dakika ishirini. Wakamwachia, hakuguswa, alhamdulillah. Ila kurudi nyumbani baba yake ndo akammaliza. Akamwambia siku nyingine uwahi kusema wewe ni Mtanzania, wewe siyo hawa weusi wa hapa, watakuheshimu. Toka siku hiyo mtoto salamu hatoi, chakula anakulia chumbani na mimi nikisikia gari linapunguza mwendo nje moyo unanilipuka

Hamisi Muscat: Kulia chumbani tena? Enzi zetu mama angefunga kabati na ufunguo akaweka kwenye pindo la kanga 😂

Da Rukia: Hamisi mtoto amemulikwa tochi usoni wewe unacheka

Hamisi Muscat: Nisamehe shemeji Asha. Pole sana. Nilikumbuka tu kabati

Binamu Tatu: Lile kabati lipo wapi siku hizi?

Mwana: Lipo uani, bibi anafugia kuku

Da Rukia: Jamani KABATI BASI. Ninachopendekeza, tuchange nauli Jabir aje Dar mwezi wa sita akae na bibi yake mpaka shule ifunguliwe. Apumue. Mimi naanza na laki tatu. Nani anafuata

(Hakuna aliyeandika kitu kwa saa tano.)

Salim ATL: Dada nimesoma yote, nilikuwa barabarani. Sikumtukana mtu. Mimi nimeishi nchi hii miaka kumi na nane, nimebeba maboksi, nimeendesha lori, najua ninachosema. Tulitoka Minneapolis baada ya yale ya George Floyd 2020, nyumba yetu haikuwa mbali na pale, tukasema twende kusini ambako weusi ni wengi, meya mweusi, daktari mweusi, jirani mweusi, na nyumba bei inashikika na barafu hakuna. Kweli weusi ni wengi. Lakini nikiona mwanangu kaletewa polisi nitamwambia chochote kinachoweza kumrudisha nyumbani mzima. Hata nikisema neno baya. Nani kati yenu ana mtoto wa kiume wa miaka 17 huku?

Jabir: Shikamooni wote. Baba, yule polisi hakuniuliza kabila. Alishaamua kabla sijafungua mdomo. Sasa hiyo Tanzania ningeisema saa ngapi, na kama angenisikia nadhani angesema eti ninajibu

Jabir: Na shuleni hao hao weusi wenzangu mwanzoni walikuwa wananicheka lafudhi, mwaka jana ulikuwa mgumu sikuwaambia. Sasa hivi tunacheza mpira pamoja. Niliyekuwa namsubiri siku ile ni mmoja wao na mama yake ndo alitoka na nguo za kulalia akasimama katikati ya mimi na polisi. Ndo hao baba anaosema mimi siyo wao

Jabir: Babu Athumani shikamoo. Naomba utoe hiyo picha ya jabali

Mjomba Athumani: Marahaba mjukuu. Kwa nini, mbona umetoka vizuri na kanzu

Jabir: Nyuma yetu kuna watu watatu juu ya farasi, wamechongwa ukutani. Ni Jefferson Davis, Robert E. Lee na Stonewall Jackson, wakubwa wa ile serikali ya kusini iliyopigana vita ili utumwa ubaki. Hapo Stone Mountain ndo Ku Klux Klan, kile kikundi cha wazungu kilichokuwa kinatisha na kuua weusi, kilifufuliwa 1915. Na uchongaji wenyewe ulimalizika 1972, babu, siyo zamani. Martin Luther King mwenyewe aliutaja mlima huo kwenye hotuba ya Washington 1963, kwamba uhuru usikike mpaka hapo. Mimi nilikuwa sijui, tulienda kula pilau tu

Mjomba Athumani: Lahaula. Nilidhani ni watalii

Hamisi Muscat: Mjomba na hiyo picha alishaiprinti ipo sebuleni nilimwona kwenye video 😭

Mjomba Athumani: Mwana njoo unionyeshe inatolewaje

Da Rukia: Jabir haya nani kakufundisha?

Jabir: Mzee jirani, yule aliyetuletea mashine ya kukata majani siku tumehamia. Jumatatu alinichukua na gari lake akaniendesha mjini. Kuna barabara inaitwa Ponce de Leon. Ukitokea kusini unakuja na mtaa unaitwa Boulevard, ukivuka Ponce mtaa huohuo unaitwa Monroe. Moreland nayo ukivuka inakuwa Briarcliff. Wazungu wa upande wa kaskazini hawakutaka anwani yao ifanane na ya weusi wa kusini. Lami ni ileile, nilitazama chini kabisa. Akanionyesha na Peyton Road ambako mwaka 1962 manispaa iliweka vizuizi barabarani ili weusi wasisogee kununua nyumba upande wa pili, mahakama ikaamuru vitolewe 1963, yeye alikuwa darasa la pili. Alafu akanifundisha namna ya kuongea ukisimamishwa, leseni usiifuate mfukoni mpaka umesema naitoa, wala usishushe mkono ghafla. Alisema alifundishwa na baba yake na yeye amewafundisha wanawe watatu. Hakunifundisha kusema mimi siyo fulani

Asha: Na mimi nikiri, tumekaa hapa miezi kumi na minne, huyo mzee ametukaribisha kanisani kwao kula chakula cha Jumapili mara ngapi sijui, Salim anasema sisi Waislamu. Ni chakula tu. Hata kuku wa kukaanga hatukwenda kuonja

Salim ATL: Asha hayo ya ndani

Asha: Mtoto wangu yupo ndani

Hamisi Muscat: Kaka kwani nyumba hiyo umeinunua kwa pesa ya mabati? Maana na sisi tulikuwa watoto wa ndani

Salim ATL: Hamisi unataka tuanze ya mabati? Nilituma. Muulize aliyepokea

Binamu Tatu: Mimi nilipokea sitini kama nilivyoambiwa, risiti ninazo

Hamisi Muscat: Yalipigiliwa arobaini. Mvua ya 2019 ilimnyeshea nani?

Da Rukia: STOP. Mabati yalishaongelewa mbele ya marehemu. Atakayeyataja tena namtoa kwenye grupu, adimini ni mimi

(Binamu Tatu ameondoka.)

Da Rukia: Basi tu. Mwana mrudishe

IJUMAA

Mwana: Bibi amesikiliza meseji zote nimemsomea baada ya swala ya Ijumaa. Anasema niandike kama anavyosema nisipunguze. Haya

Mwana: "Salim mwanangu. Mimi nimezaliwa 1944. Wakati wa Mwingereza hapa Dar kulikuwa na Uzunguni na Uhindini na sisi Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kututenga. Nyinyi mnapaona pa kupumzikia tu. Baba yangu alikuwa mpishi Uzunguni. Usiku mmoja anarudi na kifuko cha unga aliopewa na bwana wake, askari akamsimamisha, unatafuta nini huku. Baba akasema mimi si mtu wa bara, mimi Mngazija. Alidhani Ungazija utamvusha. Alilala ndani na unga ukamwagwa. Asubuhi aliyekwenda kumtoa ni jirani yetu Mzaramo, aliuza mbuzi wake. Na maneno ya baba alishayasikia, kwa sababu waliokuwa ndani naye walitoka wakayasema mtaani. Alimtoa hivyo hivyo. Baba hakuweza kumtazama usoni yule mzee mpaka anakufa, na mimi nilitumwa kila Idi kupeleka sahani kwao, yeye mwenyewe haendi. Sikuwahi kuwaambia hili kwa sababu ni aibu ya baba yangu. Sasa nakwambia wewe. Nenda kwa huyo jirani. Usitume sahani."

Mwana: Amemaliza hapo. Ameniambia nizime simu lakini nimeongeza hii: anasema Jabir mume wangu kula mezani

(Hakuna aliyeandika mpaka usiku.)

Jabir: Nimekula bibi

Mjomba Athumani: Ni kweli dada anavyosema. Mzaramo yule ndiye babu wa yule fundi saa wa mtaa wa nyuma. Mimi pia sikujua sababu ya sahani

Hamisi Muscat: Kaka yale niliyosema jana nimeyafuta. Yamefutika kwako?

Da Rukia: Haya ukoo. Jumamosi saa 3 usiku ipo palepale. Waliosema nipo mpaka sasa Hamisi, Asha, Jabir, Mjomba, mimi. Nauli tuna laki tatu yangu na ahadi ya Hamisi. Tatu amerudi? Salim wewe?

JUMAMOSI

Salim ATL: Dada mwambie mama nimesikia. Nimeusoma mara nyingi nikiwa nimepaki. Leo nina mzigo wa bandarini Savannah, saa 8 sijui kama nitakuwa nimerudi. Nitajaribu

Da Rukia: Kujaribu siyo jibu Salim

Asha: Wifi tiketi tusikate kwanza. Jabir anasema mwezi wa sita hataki kuja, mzee jirani amempa kazi ya kukata majani ya watu na Juni 19 wana sherehe yao ya kukumbuka kuisha utumwa, wamemwomba asaidie kubeba viti. Mimi natamani aje kwa bibi yake. Natamani pia abaki. Sijui

Da Rukia: Kukata majani mitaa gani? Ya huku au ile ya kule?

Asha: Ndo namuuliza

Binamu Tatu: Nimerudi. Kikao ni saa 3 ya wapi?