Mtoto wa khalati amefia seli, polisi wanataka tuzike haraka. Tufanye nini?

bint_kisauni | Jumapili, saa 11 jioni

Asalaam aleikum ndugu zangu, mtanisamehe naandika mbio mbio na mikono inanitetemeka. Mtoto wa khalati yangu ana miaka 23 (alikuwa, sijazoea kusema alikuwa) alishikwa Ijumaa baada ya Magharibi pale maskani wakicheza dhumna na wenzake, ikaja gari ya polisi wakazoa vijana sita, ati kuna mmoja amepatikana na msokoto wa bangi.

Jumamosi asubuhi khalati akapika mahamri na mbaazi akampelekea. Pale kaunta akaambiwa acha hapo atapewa. Saa kumi jioni akarudi kuchukua vyombo akapewa mfuko uleule, fundo alilolifunga yeye mwenyewe halijaguswa. Akauliza kwani mwanangu amekula nini tangu jana, akaambiwa mama nenda nyumbani, Jumatatu utamuona kortini.

Leo hata adhana ya Alfajiri haijatoka simu ikalia, njooni. Tulipofika mwili washaupeleka mochari. Wanasema aliteleza chooni usiku akajigonga kichwa. Ami yangu ndiye aliyeingia kumtambua, na yeye akafunua shuka mpaka miguuni. Nyayo zote mbili zimevimba, zina mistari myeusi imepangana kama mtu aliyetandikwa na waya. Sasa mimi nauliza, mtu akiteleza chooni nyayo zinapigwa na nini?

Mchana amekuja afisa nyumbani na bahasha, shilingi 40,000, ati za sanda na matanga, na karatasi tusaini kuwa familia haitaki posmoteni kwa sababu za dini. Babu anasema maiti hacheleweshwi na hakatwi katwi, tuzike kesho asubuhi. Ami anasema hatuziki. Khalati hasemi kitu, amekaa tu na mfuko wa nguo za mwanawe waliompa kule mochari. Hatujasaini bado. Tukikataa wanaweza kutushika? Tuanzie wapi? Stesheni sitaitaja hapa mpaka nijue.

kaka_wa_likoni | saa 11:20 jioni

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Dadangu MSISAINI. Nasema hivi kwa sababu sisi tulisaini. Ndugu yangu mkubwa alifia seli miaka sita iliyopita, nasi tukaambiwa hivi hivi, karatasi hii hii, dini yenu hairuhusu kupasua, na tukaona wametuheshimu kumbe wanatuharakisha, saa nane mchana alikuwa ashazikwa na ile usiku mtu mmoja waliyelala naye seli akaja kutuambia alivyopigwa. Twende wapi sasa? Tulienda kila mahali, kila ofisi swali la kwanza ni ripoti ya daktari iko wapi, na ripoti hakuna. Kufukua kaburi ni mpaka mahakama itoe amri, mamangu akasema hawezi kuona mwanawe akitolewa mchangani. Hatukumlazimisha. Mpaka leo faili haina hata ukurasa mmoja wa kusema alikufaje. Hiyo pesa ya sanda tulipokea pia, na ndiyo inayoniuma kuliko yote.

msaidizi_wa_sheria | saa 12 jioni

Bint pole sana. Mimi nasaidia watu mahakamani hapa Mombasa, si wakili, lakini mambo haya nimeyafuata kwa miaka. Soma polepole.

Hakuna sheria ya kuwashika kwa kukataa kusaini. Tena mtu akifia mikononi mwa polisi kifo hicho si cha familia na polisi kukubaliana. Kifungu cha 387 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinataka hakimu afanye uchunguzi wa kifo kama hicho, ile inayoitwa inkwesti. Na sheria ya polisi ya 2011 inamtaka mkubwa wa afisa aliyesababisha kifo aripoti mara moja kwa IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi, na IPOA wachunguze. Msingoje mkubwa huyo aripoti. Pigeni 1559, ni bure, na kesho mtu aende mwenyewe ofisi yao ya Mombasa na maelezo yaliyoandikwa: saa aliyoshikwa, nani aliona, saa khalati alipopeleka chakula na saa aliporudishiwa, maneno aliyoambiwa kama yalivyo. Usitengeneze Kiswahili chake. Kama hakumbuki saa aseme hakumbuki.

Kuhusu Ijumaa, watu wengi watakwambia walivunja sheria ya saa 24. Katiba ibara ya 49 inasema saa 24 lakini zikiisha siku ambayo korti haikai basi ni siku ya korti inayofuata, yaani hapo Jumatatu. Ndiyo maana kushikwa Ijumaa jioni kunauma, mtu anakaa siku tatu bila hakimu kumuona na kila kitu kiko ndani ya sheria. Msipoteze nguvu hapo. Nguvu wekeni kwenye mwili.

Posmoteni isifanywe bila daktari wenu kuwepo, ni haki yenu kuomba. Wako watu wa kuwasaidia bila malipo, hapa Mombasa kuna mashirika ya haki za binadamu, HAKI Africa na MUHURI, na kuna IMLU ambao kazi yao hasa ni upande wa madaktari. Pigeni usiku huu huu.

Mkumbuke yule kijana Mwingereza, Alexander Monson, alishikwa Diani Mei 2012 kwa tuhuma za bangi vilevile, akafa, polisi wakasema ni dawa za kulevya. Vipimo vya mwili havikukubaliana nao, kilichomuua ni pigo la kichwa. 2018 hakimu wa inkwesti hapa Mombasa akasema polisi wanahusika, na Novemba 2021 Mahakama Kuu ya Mombasa ikawatia hatiani maafisa wanne kwa kuua bila kukusudia. Miaka tisa. Lakini bila ule mwili kuchunguzwa hata hiyo miaka tisa isingeanza.

Na hizo nguo mlizopewa! ZISIFULIWE. Ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, zitaoza unyevu.

mzazi_wa_wanne | saa 1 usiku

Mimi nitasema tofauti na naomba msinitukane. Huyo Monson alikuwa Mzungu, babake lodi, alikuwa na pesa ya kushinda kortini miaka tisa. Khalati yake Bint ana nini? Ana watoto wengine wangapi wanaopita njia ile ile ya stesheni kila jioni wakitoka kazini? Mimi nimeona familia ilikataa pesa ikapiga kelele, na mdogo wake marehemu akawa anashikwa kila mwezi mpaka akahamia Malindi. Sisemi polisi wako sawa, walaaniwe. Nasema mama aliyebaki na watoto aulizwe yeye anaweza kubeba nini kabla ya sisi kumpangia vita hapa.

kaka_wa_likoni | saa 1:15 usiku

Hujakosea kuogopa mzazi mwenzangu, lakini si Mzungu peke yake. Kwekwe Mwandaza alikuwa mtoto wa miaka 14 kijijini huko Kinango, hana lodi wala bwana mkubwa, polisi wakampiga risasi ndani ya nyumba yao Agosti 2014 wakasema aliwajia na panga. 2016 hapa hapa Mahakama Kuu ya Mombasa maafisa wawili wakapewa miaka 7. Miaka 7 kwa roho ya mtoto ni michache, nakubali. Ila walitiwa hatiani.

muosha_wa_mtaa | saa 2:40 usiku

Baada ya Isha nimeketi nimesoma yote. Mimi ni mzee, naandikiwa na mjukuu.

Nimeosha maiti miaka 22. Nimeosha waliokufa kwa maradhi, kwa ajali, kwa bahari. Na nimeosha vijana waliotoka seli, si mmoja. Mtu akifa kwa kuanguka ana jeraha pale alipoangukia. Wale vijana nikiwageuza ubavu naona mgongo, naona nyayo kama alivyoona ami yako, naona viganja kwa sababu mtu akipigwa huweka mikono mbele. Mmoja alikuwa na alama ya pingu imeingia mpaka nyama. Nikamwagia maji, nikamtia karafuu maiti, nikamfunga sanda, watu wakamswalia, na nilichokiona kikaingia kaburini naye.

Sikusema kwa sababu tumefundishwa muosha husitiri aibu ya maiti. Nimelifikiri hili sana baadaye usingizi uliponikimbia. Jeraha alilotiwa mtu hali amefungwa si aibu yake yeye. Mimi nilikuwa namsitiri mwingine kabisa.

Sasa babu yako mwambie hivi, kwa heshima, na kama anataka nitakuja mwenyewe kumwambia. Ile hadithi kuwa kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai sote twaijua, na kuharakisha jeneza ni sunna, sipingi. Lakini wako wanazuoni waliosema pakiwa na dharura, na haki ya mtu aliyeuliwa ni dharura, inafaa maiti achunguzwe kwa kadiri ya haja kisha ashonwe astiriwe. Aende kwa shekhe anayemuamini amuulize usiku huu, asimuulize afisa wa polisi. Tangu lini polisi wakatufundisha fiqhi?

Na mkishamaliza huko, mtu wa kuosha mkikosa, mimi nipo.

sare_nimevua | saa 4 usiku

Nimevaa hiyo sare miaka 19 nikaitoka, sitaeleza kwa nini. Nitawapa mambo mawili ambayo hakuna wakili atawaambia mapema.

La kwanza ni OB, lile daftari la matukio la stesheni. Kila zamu ikibadilika mahabusu wanahesabiwa na inaandikwa kwenye OB wako wangapi na hali zao. Kama saa sita usiku imeandikwa wote wazima na saa kumi mtu amekufa, basi aliyekuwa na funguo kati ya hizo saa ana maswali ya kujibu, na jina lake limo mle. Kurasa hizo zina miguu dada yangu, na kamera pia. Mwaka jana tu mmeona ya Albert Ojwang, mwalimu aliyeshikwa Homa Bay 7 Juni 2025 akafia seli Nairobi, nchi nzima tukaambiwa aligonga kichwa ukutani mwenyewe, na ni madaktari waliosema hapana, huyu alikabwa shingo na kupigwa, na IPOA wakakuta kamera za stesheni zimechezewa. Kwa hiyo mkiandika kwa IPOA kesho waambieni waziwazi wachukue OB na rejista ya seli ASUBUHI, si wiki ijayo.

La pili ni kubwa zaidi. Walishikwa sita. Watano wako hai. Kesho Jumatatu lazima wapelekwe kortini ama waachiliwe, na wakiachiliwa watatishwa kwanza. Mtu wenu awe kwenye geti la korti saa mbili kamili, na mwingine nje ya stesheni, kwa sababu wanaweza kutolewa kimya kimya bila kufika kwa hakimu. Wale ndio walisikia. Seli ni chumba kimoja, mtu akipigwa chumba cha pili kila mmoja anasikia na kila mmoja anahesabu. Msiwahoji barabarani, msiwarekodi kwa simu mkatupia mitandaoni, na majina yao yasionekane hapa kamwe. Wapelekeni moja kwa moja kwa hao watu wa haki.

Na afisa akikwambia aliamrishwa, sheria yenyewe ya polisi imeandika kufuata amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Sisi tulisomeshwa hilo darasani. Kila mmoja wao analijua.

bint_kisauni | Jumatatu, saa 10 jioni

Nimelia nikisoma, Mungu awalipe.

Hatukusaini. Babu alikwenda kwa shekhe wake jana usiku na ami, wakarudi saa tano, babu akaingia chumbani kwa khalati akakaa naye sana, alipotoka akasema tu maiti atangoja. Bahasha ami ameirudisha leo asubuhi mbele ya mzee wa mtaa na imamu, na tumeandika siku na saa.

Mzazi wa wanne, nilimuuliza khalati kama ulivyosema. Nilimwambia khalati ukitaka tuzike tutazika na hakuna atakayekulaumu. Ndiyo mara ya kwanza ameongea tangu jana. Akasema "fundo langu halikufunguliwa." Basi. Nikafahamu.

IPOA wameandikisha, tumepewa namba. Nilisema kuhusu OB kama ulivyoniambia sare, yule aliyeandika akasimama akaenda kumwita mwenzake. Wale vijana, watatu waliletwa kortini na wawili waliachiliwa stesheni alfajiri. Sitasema zaidi ya hapo.

Posmoteni ni Jumatano saa tatu, daktari wetu amepatikana.

Nguo ndiyo habari mbaya. Nilipofika jana usiku shati ilikuwa ishafuliwa iko kwenye kamba. Khalati aliifua kwa mkono mchana kabla sijaandika hapa, hakuna aliyemwambia, aliona damu ya mwanawe akafua. Suruali haikuguswa. Iko kwenye bahasha ya kaki kama mlivyosema, nimeandika tarehe juu.

msaidizi_wa_sheria | saa 10:25 jioni

Asilaumiwe na mtu yeyote kwa hiyo shati, na asijilaumu. Hata iliyofuliwa iwekeni kwenye bahasha yake peke yake, iandikwe imefuliwa na nani na lini. Suruali asiishike mtu tena mpaka IPOA waichukue na mpewe karatasi ya kuonyesha wameichukua. Jumatano nitakuwa mochari saa mbili na nusu, mje na kitambulisho cha marehemu na nakala mbili.

muosha_wa_mtaa | saa 12:10 jioni

Nami nitakuwepo. Mwambieni babu nitakuja na sanda.