Dijei akipiga wimbo asioununua, nani anadaiwa?

Mleta mada:
Wadau, kila habari ya hakimiliki ikitoka, madijei ndio wezi. Nimepiga muziki kwenye harusi na kumbi miaka kumi na ushee, kwa hiyo msinidhanie sina upande. Ila watu wanachanganya mambo. Kupiga wimbo hadharani ni jambo moja, kuwa na nakala yake kwenye flashi ni jingine. Leseni ya kupiga hadharani, katika nchi nyingi, humhusu mwenye ukumbi au mwandaaji wa shughuli, maana ndiye anayejaza viti kwa mgongo wa muziki. Nakala ni jukumu langu mimi. Nikiipata kwa njia za panya, risiti ya mwenye ukumbi hainisafishi.

Halafu wimbo mmoja una wenyewe wawili, mtunzi na mwenye rekodi. Ndiyo maana kumbi nyingi hubishiwa hodi mara mbili, na vyama viwili vya kukusanya malipo yao. Uingereza, PRS ya watunzi na PPL ya wenye rekodi zilianza kutoa leseni moja ya pamoja mwaka 2018 tu.

Msimamo wangu: dijei anunue nyimbo, ukumbi ulipe leseni, kila mtu na mzigo wake. Anayepinga aje.

Mchangiaji wa kwanza:
Napinga nusu, mkuu. Mteja anataka wimbo uliotoka jana usiku, na wa bibi yake, na wa lugha nisiyoijua. Ninunue zote? Mimi nalipia usajili wa kusikiliza kila mwezi. Si nimelipa?

Mleta mada:
Umelipia kusikiliza. Soma masharti: Spotify inasema ni matumizi binafsi, na Julai 2020 ilijitoa kabisa kwenye programu za udijei. Hata inapokubali kuungana nazo, sharti hilo halifutiki.

Gharama naielewa, na si kilio kipya. Mwaka 1975 David Mancuso na wenzake kule New York walianzisha chama cha madijei: kampuni zinaleta santuri bure, dijei anarudisha taarifa ya namna watu walivyoupokea wimbo. Huduma za leo za kulipia kwa mwezi zimetoka huko. Uliza tu kama hiyo unayojiunga nayo ina ruhusa ya wenye rekodi, kwa sababu si zote zinazo.

Mchangiaji wa pili:
Wacha kampuni zisijifanye malaika. Januari 2007, Atlanta, polisi walivamia studio ya DJ Drama, dijei wa hip-hop, wakamkamata yeye na mwenzake Don Cannon, wakazoa CD za miksi zaidi ya 80,000. Na kampuni hizohizo za muziki zilikuwa zikitumia miksi kama zile kuwatangaza wasanii wao! Wimbo ukihitaji kutangazwa wewe ni mshirika, ukishakolea wewe ni mhalifu.

Mchangiaji wa tatu:
Mimi ni mwanamuziki, nawasoma tu hapa. Nyimbo zangu zinapigwa ukumbini kila wikendi, video natumiwa na mashabiki. Mirabaha? Sifuri. Mwenye ukumbi ananionyesha leseni yake ukutani, dijei ananionyesha kwamba wimbo aliununua. Wote wasafi. Sasa hela yangu iko wapi?

Mleta mada:
Hapo umenigusa, na nakiri mada yangu haikufika huko. Ukumbi mara nyingi hulipa kwa jumla, kwa ukubwa wake au idadi ya watu, si kwa wimbo. Kisha vyama vinavyokusanya hugawanya pesa kwa makadirio, na makadirio hayo mara nyingi huegemea nyimbo zilizopigwa redioni. Mimi usiku mmoja napiga nyimbo themanini, nyingine redio hazijawahi kuzigusa. Hela ya usiku wangu inakwenda kwa mtu ambaye sikumpiga hata mara moja. Nimenunua kihalali, ukumbi umelipa kihalali, na wewe umekosa.

Dawa iko kwenye kompyuta zetu. Programu za udijei kama Serato na rekordbox huhifadhi orodha ya kila ulichopiga. Tuitume kwa vyama hivyo.

Mchangiaji wa kwanza:
Nitume orodha, halafu waniulize kila nakala niliitoa wapi? Huko ni kujipeleka polisi mwenyewe, kaka.

Mleta mada:
Basi itumwe na ukumbi, bila jina la dijei. Au ukumbi uweke kifaa cha kutambua nyimbo, vipo, vinasikiliza spika na kuandika. Naona hilo lingewasaidia wasanii kuliko msako wa flashi mlangoni.

Mchangiaji wa pili:
Kifaa hicho kitambue rimiksi zako, ulizozipandisha kasi na kuzigeuza mdundo? Utashangaa.

Mchangiaji wa tatu:
Kikitambua nusu, ni nusu zaidi ya ninachopata leo. Mleta mada, Jumamosi unapiga wapi? Niandikie nyimbo zangu kwenye karatasi, hata kwa kalamu. Nataka niende nayo ofisini kwa hao wanaogawa pesa Jumatatu.