Safari za kundi za kiangazi: "niko ndani" zenu zinatuumiza sisi wenye pasi za kwetu

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sina haja ya kuzificha.

Niko Uingereza, kazi yangu ni ya kulea wazee, pasi yangu ni ya Tanzania. Tangu mwezi wa kwanza tuna kundi la WhatsApp la watu wanane kwa ajili ya safari ya Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Watanzania, Wakenya, dada mmoja wa Uganda, na kaka mmoja anayeishi Ujerumani. Tulitaka tuwe Lisbon usiku wa tarehe 12 Juni, mkesha wa Mtakatifu Antoni, ambao mwaka huu umeangukia Ijumaa. Sasa tuko mwezi wa tano, wanane tumebaki watano, advansi ya nyumba nimeilipa kwa kadi yangu, dada wa Uganda hana viza na hataipata kwa wakati, na juzi mtu kaandika kundini, "Kwani lazima iwe Lisbon? Ibiza mnaionaje?" Hapo nikaweka simu chini, nikaja huku.

Kwa wasioujua usiku huo, niwaeleze, maana ndio uliotukusanya. Mtakatifu Antoni, huyu huyu tunayemwita wa Padua, alizaliwa Lisbon, na watu wa pale wanamhesabu kuwa wao. Tarehe 13 Juni ni sikukuu ya mji, lakini shughuli yenyewe ni usiku wa kuamkia. Mitaa inashindana kwa maandamano ya nyimbo na mavazi pale Avenida da Liberdade, kisha umati unapanda vilimani, Alfama, Graça, Mouraria, Bica, na huko ni mpaka asubuhi. Watu wanatoa majiko ya mkaa mlangoni, sardini wanachomwa hapo hapo, unawekewa juu ya kipande cha mkate na mafuta ya samaki yanalowesha mkate wote. Juu ya vichwa ni mapambo ya karatasi kutoka dirisha hadi dirisha. Kuna vyungu vidogo vya mrehani, kila kimoja kimechomekwa ua la karatasi na kibendera chenye ubeti wa mapenzi, mtu anampelekea anayempenda. Na muziki hauna haja ya kuutafuta: mji ule una watu wa Angola na Cape Verde wa kutosha, kizomba na kuduro ni vitu vya kila wikiendi. Ndiyo maana tuliuchagua, kwa kura, na wote wanane walipiga.

Baada ya kura, kila mmoja akaandika "niko ndani". Emoji za moto, za ndege, za vinywaji. Tukaja kwenye nyumba, kimya. Tukaja kwenye tarehe za kuondoka na kurudi, kimya, tiki za bluu tupu. Rangi ya nguo za kupigia picha ilijadiliwa wiki nzima, kwa voisi ndefu ndefu. Nikiuliza nani analipa lini, najibiwa, "Shosti mbona presha, Juni bado mbali."

Mbali kwako wewe. Mwenye pasi ya Uingereza anaingia nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja ya pamoja, bila viza, siku 90 ndani ya kila siku 180. Anaweza kuamka Alhamisi akanunua tiketi ya Ijumaa. Mimi nakaa hapa, nakatwa kodi hapa, lakini nikitaka kwenda Ureno naanza na foleni. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi wa kawaida huchukua siku 15, ila sheria inawaruhusu kufika 45. Hapo bado hujahesabu kusubiri nafasi ya miadi, na kiangazi kikikaribia nafasi hizo zinagombaniwa, unafungua ukurasa saa nane usiku ukitegemea kuna mtu kaahirisha ya kwake.

Ada ni yuro 90 tangu Juni 2024, juu yake kuna ada ya kituo kinachopokea maombi, na hela ya viza hairudi hata ukinyimwa. Unatakiwa bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Taarifa za benki. Hati za mshahara. Kibali cha kuishi Uingereza ambacho bado kina muda. Barua ya mwajiri inayosema likizo yako imekubaliwa kuanzia tarehe fulani hadi fulani. Mahali utakapolala. Ndege ya kwenda na ya kurudi. Karibu kila karatasi hapo ina tarehe, na tarehe zote lazima zifanane. Hakuna mahali pa kujaza "tutaangalia".

Hiyo likizo nayo mnadhani inaokotwa? Kazini kwetu shifti za Juni zinapangwa mapema na kila mtu anaitaka Juni. Nimefanya kazi Pasaka nzima ili mwenzangu anishikie siku zangu. Niliwaambia kundini. Mtu akaniwekea emoji ya moyo.

Halafu pasi yenyewe. Siku ya miadi uliyopewa unaiacha kule, na unakaa bila pasi mpaka wamalize. Sisi tulioko mbali tunajua maana yake. Simu ikipigwa usiku kutoka nyumbani kuna msiba, hukimbilii uwanja wa ndege, unaanza kuandika barua pepe kuomba pasi yako irudishwe. Mimi mama yangu ni mgonjwa wa presha. Hizo wiki nililala na simu kifuani, kwa ajili ya safari ambayo wenzangu hawajui hata kama wanaitaka.

Na tafadhali mtu asije hapa na "si uchukue tu uraia wao". Mkenya anaweza, Katiba yao ya 2010 imemruhusu kubaki Mkenya huku ana uraia wa kwingine. Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine, wa Tanzania anaupoteza. Nina mama kule, nina kiwanja alichotuachia mzee, sitaki kuingia kwetu kwa viza. Huo ni uamuzi wangu na nautolea gharama zake mwenyewe. Ninachotaka rafiki zangu waelewe ni kimoja: nikisema "nipeni jibu kabla ya Jumapili", sijifanyi bosi wa mtu. Jumapili hiyo imepangwa na watu wengine kabisa, na wao hawabembelezwi.

Aliyeumia zaidi lakini si mimi, ni dada wa Uganda. Ana pasi ya Uganda, anasoma na kufanya kazi za wikiendi, hii ingekuwa mara yake ya kwanza kuona mji mwingine wa Ulaya. Yeye ndiye alikuwa wa kwanza kunitumia hela ya nyumba, siku ile ile nilipoitaja. Miadi aliipata mwishoni mwa mwezi wa tatu. Akaomba kundi limthibitishie nyumba ili aambatanishe kwenye maombi. Kundi likamjibu, "Jumapili hii tunalipa wote, usijali." Jumapili ikapita. Nyingine ikapita. Nikamwambia aweke hoteli inayoweza kufutwa bila gharama, kama nilivyofanya mimi kwenye maombi yangu, akasema hapana, wameshasema watalipa, sitaki waone siwaamini. Ikabidi aahirishe miadi. Aliporudi kutafuta nyingine, nafasi ya karibu ilikuwa mwezi wa saba. Alinipigia akilia. Kundini aliandika tu, "Mimi sitaweza jamani, nyie mfurahi." Mnajua alijibiwa nini? "Pole dia, next time." Dakika tano baadaye mtu akatuma picha ya miwani ya jua, anauliza rangi nzuri ni ipi.

Hapo sijasikia mtu akisema samahani. Mpaka leo.

Sasa tuje kwenye Ibiza, maana naona wapo wanaodhani nina kiburi. Ibiza iko Hispania. Viza yangu imetolewa na Ureno. Kanuni ni kwamba unaomba kwa nchi ile utakayokaa muda mrefu zaidi, na mtu wa mpakani ana haki ya kukuuliza unakwenda wapi, unalala wapi, hela ya kutumia iko wapi. Nimeomba kwa ajili ya Lisbon, nimepeleka karatasi za Lisbon, nimetia saini. Mnataka niipokee viza hiyo nikaitumie yote Hispania, mwakani nikiomba tena nijieleze vipi? Alama zangu za vidole zinakaa kwenye mtandao wao mpaka miaka 5. Wewe uliyependekeza Ibiza ukifika mpakani huulizwi viza, unapita. Mimi ndiye nitakayevutwa pembeni, kwenye kile kibenchi, watu wakinipita na masanduku yao wananitazama.

Na kwanza Ibiza kuna nini usiku wa tarehe 12 ambacho hakipo tarehe nyingine yoyote ya kiangazi? Mkesha wa Mtakatifu Antoni hauna marudio. Ukiukosa, ni mpaka mwaka ujao.

Hela. Nyumba ni yuro 1,600 kwa usiku nne, iko Graça, kitongoji cha juu, unashuka kwa miguu kwenda Alfama. Kwa watu wanane ilikuwa 200 kwa kichwa. Hiyo ni nyumba ya watu wanane wiki ya sherehe, bei nzuri mno, tuliiwahi kwa sababu nililipa nusu, yuro 800, ambayo hairudishwi. Kuna pia kodi ya mji, yuro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku, nayo niliwapigia hesabu mapema ili mtu asije akashangaa mlangoni. Sasa dada wa Uganda hayumo, na wawili wengine wametoka kwa "hela imebana kidogo". Sina ugomvi na mtu hela ikimbana, wote tunaishi kwa mshahara. Ila ulibanwa tangu lini? Kwa nini nimelijua baada ya kukukumbusha mara kwa mara, tena siku moja baada ya kukuona mtandaoni kwenye tamasha la London? Watano tuliobaki ni yuro 320 kila mmoja. Kati ya hao watano, aliyenilipa ni kaka wa Ujerumani peke yake, ambaye hata mkutano wa kwanza hakuwepo kwa sababu alikuwa kazini. Hela ya dada wa Uganda nimemrudishia yote, mfukoni mwangu.

Watu hawa hawa nimekaa nao kwenye kamati za harusi. Kamati ya harusi tunaijua sote: kuna daftari, kuna safu ya ahadi na safu ya taslimu, na mweka hazina hapangi ukumbi kwa ahadi. Mtu akichelewa anapigiwa simu mpaka analipa, na hakuna anayemwambia mweka hazina ana presha. Kwa nini hela ya bwana harusi inaheshimiwa na yangu haiheshimiwi? Kwa sababu hii ni starehe? Starehe yangu nimeilipia kwa shifti za usiku, nikiwageuza wazee kitandani kila saa mbili ili wasipate vidonda.

Nimeshasikia utetezi wote. "Sisi ndivyo tulivyo, tunapenda mambo ya ghafla." Mambo ya ghafla ni ya wenye pasi za ghafla. "Ungeenda peke yako." Sikutaka kwenda peke yangu, nilitaka kwenda na nyie, nicheze na nyie mpaka alfajiri kwenye ngazi za Alfama, ndiyo maana nimevumilia muda wote huu. "Unaandika mambo ya kundi hadharani." Sijataja jina la mtu. Aliyejitambua kajitambua mwenyewe.

Msimamo wangu kuanzia sasa, na nawashauri wadau wenye pasi kama yangu muushike: kwenye kundi lenye mtu anayehitaji viza, tarehe inapangwa na huyo mtu. Mji unafungwa siku anayoweka miadi, haubadilishwi tena. Na hela inatangulia, "niko ndani" inafuata. Kama kuna anayeona hayo ni masharti magumu kwa safari ya marafiki, basi aseme siku ya kwanza, siku ambayo bado hakuna aliyeacha pasi yake kwa mtu.

Wadau mlioko Uingereza, naomba pia msaada wa kweli hapa: kuna aliyewahi kupata miadi ya Ureno iliyoachwa na mtu mwingine, dakika za mwisho? Mnaangalia saa ngapi? Siku 15 za mwisho bado hazijafika, na kama kuna tundu hata dogo nataka dada wa Uganda alipate. Nafasi yake kwenye nyumba sijampa mtu.

Na nyie wa kundi, najua mko humu mnasoma kimya kama mnavyosoma kule. Wawili mliotoka, yuro 100 za advansi kila mmoja, nawadai. Watatu mliobaki hamjalipa, salio la nyumba linatakiwa tarehe 1 Juni. Akaunti yangu mnayo, iko juu kabisa ya kundi, niliibandika tangu mwezi wa pili. Mwisho Jumapili saa sita usiku. Jumatatu asubuhi vitanda vyenu nawapa watu wengine, na kundi nalifunga.