Mbwa wa miguu mitatu: kigari, dawa ya kila siku au mazoezi?

Mkulima_UsaRiver
Habari za jioni wakuu. Nina mbwa aliyekatwa mguu baada ya kugongwa na bodaboda. Kidonda kilishapona zamani. Siku hizi akitembea kidogo anajilaza, na asubuhi anaamka kwa taabu. Nina njia tatu na mfuko unaruhusu moja kwa sasa: kigari cha magurudumu, dawa ya maumivu ya kila siku, au kumlipa mtu amfanyishe mazoezi. Fundi wa kigari anataka kianzio Jumamosi. Nianze na ipi?

KokoSiTusi
Mkuu, hujataja la maana hata moja. Mguu upi umekatwa, wa mbele au wa nyuma? Ana kilo ngapi, umri gani? Anakaa kwenye sakafu ya aina gani? Kutwa nzima anafanya nini? Bila hayo kila mtu hapa atamjibia mbwa wake.

FundiMagurudumu
Kigari, ndugu yangu. Mbwa akishawekwa kwenye magurudumu viungo vilivyobaki vinapumzika. Cha kuzingatia ni vipimo: mpime amesimama, kutoka ardhini hadi tumboni, upana wa kifua, na urefu toka begani hadi nyonga. Mgongo ulale sawa. Magurudumu yakizidi urefu kwa nyuma, uzito wote unasukumwa mbele.

DaktariMifugo_Moshi
Fundi, usimpimie kabla hajasema ni mguu upi. Mbwa akisimama, karibu asilimia 60 ya uzito wake iko mbele na 40 nyuma. Aliyekosa mguu wa nyuma huzoea upesi. Aliyekosa wa mbele, mguu mmoja unabeba kazi ya miwili, na kila hatua inabidi arushe kichwa na shingo juu ili ausogeze ule uliobaki. Hapo kifundo cha mguu wa mbele ndicho huanza kuumia.

Swali lingine kwa mwenye mada: umempima homa ya kupe? Ehrlichia, yaani vimelea vinavyoletwa na kupe, huweza kuumiza viungo na kumlegeza mbwa mpaka udhani ni uzee wa magoti. Pia hushusha chembe za kugandisha damu, na mbwa wa namna hiyo ukimpa dawa ya maumivu bila kujua, anaweza kuvuja damu tumboni.

Mkulima_UsaRiver
Samahani kwa kuchelewa. Mguu wa mbele wa kulia, ulikatwa wote toka begani. Chotara wa German Shepherd, miaka 7, kilo 38. Ndani ni marumaru tupu. Chakula ni ugali na mabaki ya nyama. Mchana amefungwa bandani, usiku namfungulia alinde, na kila pikipiki ikipita anaifuata kwa mbio ndani ya uzio. Hapa mtaani duka la dawa wanasema diklofenaki ya watu inatosha na ni bei rahisi. Sijampa bado.

MamaChui_Tanga
Usimpe kabisa, kaka. Tafadhali soma hadi mwisho.

Kuna mbwa wa huku kwetu, naye wa miguu mitatu, kilo 25. Alipewa diklofenaki ya miligramu 50, asubuhi na jioni. Siku ya kwanza alitembea vizuri, kila mtu akasifu dawa. Siku ya tatu akakataa chakula. Ya nne choo kikawa cheusi, kinanata kama lami, na matapishi yana vipande vya rangi ya kahawa. Hiyo ni damu iliyokwisha kukaa tumboni. Mhudumu aliyeitwa akaona amelegea, akamchoma deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, "kuondoa uvimbe". Ndipo mambo yalipoharibika moja kwa moja. Dawa hizi za jamii ya diklofenaki huzima kemikali ya mwili ambayo pia ndiyo inayolinda ukuta wa tumbo na kupeleka damu kwenye figo. Ukiongeza steroidi juu yake, ulinzi uliobaki unaondoka. Walimtundikia maji, wakampa dawa za kulinda tumbo, omeprazoli na sukralfati, lakini figo zilishachoka. Alikufa.

Ibuprofeni ni hivyo hivyo. Mbwa hana nafasi ya kukosea kwenye dawa hizi kama sisi.

DaktariMifugo_Moshi
Dada MamaChui kasema yote. Dawa ya maumivu ya mbwa ni meloksikamu au karprofeni, moja tu, kamwe zisichanganywe, na zisikutane na steroidi kama prednisoloni au deksamethasoni. Meloksikamu ni miligramu 0.2 kwa kilo siku ya kwanza, kisha 0.1 kwa kilo mara moja kwa siku, pamoja na chakula. Kwa kilo 38, hiyo dozi ya kila siku ni miligramu 3.8, yaani mililita 2.5 za dawa ya maji yenye miligramu 1.5 kwa mililita. Soma lebo kwa makini: maduka ya mifugo yanauza pia ya sindano ya ng'ombe yenye miligramu 20 kwa mililita. Mililita moja ya hiyo inazidi dozi ya siku nzima ya mbwa wako zaidi ya mara tano.

Kabla ya kuanza, damu ipimwe: figo, ini na kupe. Baada ya wiki mbili mpaka nne irudiwe. Akitapika, akisusa chakula au choo kikiwa cheusi, simamisha dawa siku hiyo hiyo na umpeleke.

Nyota_Nakuru
Na gabapentini je? Kama anashtuka ghafla, anageuka kuangalia bega lililokatwa au ngozi ya pale inacheza, hayo ni maumivu ya neva na meloksikamu peke yake haiyafikii vizuri.

DaktariMifugo_Moshi
Kweli. Ila iwe ya vidonge, kwa dozi ya daktari. Ya maji ya binadamu huweza kuwa na zailitoli, ambayo ni sumu kwa mbwa. Mwanzoni atapepesuka, na kwa mbwa wa miguu mitatu kupepesuka ni kuanguka, kwa hiyo uanze na kidogo. Usiikatishe ghafla.

KokoSiTusi
Mimi naona jibu liko kwenye hilo la usiku. Mbwa amelala kutwa bandani, halafu usiku anatoka mbio na kufunga breki kwenye kona ya uzio juu ya mguu mmoja wa mbele. Dawa gani itashinda hilo? Utamwondolea maumivu akimbie zaidi, aumie zaidi.

Mzuie kukimbizana na pikipiki: ziba uzio kwa mabati asione barabara, au alinde barazani. Mtoe kwa kamba dakika 10, mara tatu kwa siku, kwenye ardhi ngumu isiyo na mchanga wa kuzamia. Usimlazimishe mwendo wa kinyonga. Mwenye miguu mitatu hutaabika zaidi akienda polepole sana, maana kila hatua inamtaka ajisawazishe. Kesho yake asubuhi akiamka kama kawaida, wiki ijayo ongeza dakika mbili. Akiamka amekakamaa, rudi nyuma.

Nyota_Nakuru
Huo ugali nao uangaliwe. Kilo 38 kwa chotara si ajabu ni mafuta. Ugali unanenepesha.

MamaChui_Tanga
Ugali si sumu, dada. Shida ni kiasi, na protini kuwa kidogo. Changanya na dagaa wasio na chumvi.

Nyota_Nakuru
Dagaa wa dukani wengi wana mchanga na chumvi. Heri mafuta ya samaki ya vidonge.

DaktariMifugo_Moshi
Mafuta ya samaki sawa, ila si ya ini la samaki, yale yana vitamini A na D nyingi na yakizidi yanadhuru. Kidonge cha miligramu 1000 mara nyingi kina omega-3 zenyewe kama miligramu 300 tu, kwa hiyo soma nyuma ya chupa, na uanze na kimoja asije akaharisha. Kuhusu uzito: pitisha vidole ubavuni bila kubonyeza. Mbavu zisipohisika, punguza chakula kama asilimia 15 na umpime kila wiki mbili. Akipungua nusu kilo kwa wiki inatosha.

KokoSiTusi
Marumaru pia. Guu likiteleza kwenda pembeni, bega linavutika. Tandika mikeka ya raba toka mlangoni hadi kwenye chombo cha chakula na godoro lake, kata kucha mpaka zisigonge sakafu, na nywele za katikati ya vidole ziondoe. Bakuli liinue lifike usawa wa kiwiko. Akiinama mpaka chini kula, kichwa chote kinaning'inia juu ya kifundo kimoja.

Mazoezi huna haja ya kumlipa mtu. Msimamishe juu ya godoro la sponji, mguu mmoja wa nyuma uinuliwe kwa sekunde tano, ushushe, uhamie wa pili. Kisha akae na kusimama mara tano. Miguu ya nyuma ikiwa na nguvu, wa mbele unapumua.

FundiMagurudumu
Sikatai, lakini kigari cha kubeba sehemu ya mbele kipo, na mwanzoni dakika tano tano zinatosha za kumzoesha. Uangalie tu kwapa lisichubuke na asiachwe nacho peke yake, maana hawezi kulala akiwa ndani.

DaktariMifugo_Moshi
Cha mbele ni kigumu kuliko cha nyuma, mbwa anasukuma badala ya kuvuta na kona zinamshinda. Kwa kilo 38 na mguu mzima bado mmoja, nisingekimbilia huko. Mkanda wa kifuani wenye mpini mgongoni, ule wa kampuni ya Ruffwear au wa kushonesha, utamsaidia kwenye ngazi na kupanda gari kwa gharama ndogo.

Mkulima_UsaRiver
Asanteni sana. Nimemtazama vizuri leo akiwa amesimama: kile kifundo cha mbele kimelala nyuma, karibu kiguse sakafu. Anakiramba pia mpaka manyoya yamebadilika rangi.

DaktariMifugo_Moshi
Hilo ulitakiwa ulianze nalo, mkuu. Kano za nyuma ya kifundo huenda zimelegea au zimekatika. Apigwe eksrei kifundo kikiwa kimebonyezwa kama vile amekikanyagia. Mpaka hapo hakuna mazoezi ya godoro, ni kamba na kujisaidia tu.

FundiMagurudumu
Basi si ndipo kigari kinapohitajika?

KokoSiTusi
Au kishikizo cha kifundo kwanza. Cha plastiki ngumu, sponji ndani, kivuliwe usiku na ngozi ikaguliwe.

DaktariMifugo_Moshi
Kishikizo cha nje hakiponyi kano iliyokatika, kinazuia tu isizidi. Wengine huishia kufanyiwa upasuaji wa kukaza kifundo kwa bamba la chuma, na kwa mbwa wa mguu mmoja wa mbele hilo ni uamuzi mzito. Mkulima, mrekodi video kwa ubavu, akitembea hatua kumi kwenye zege, simu iwe chini usawa wa kiwiko, uiweke hapa.

Mkulima_UsaRiver
Ubavu upi, wenye mguu au usio na mguu?

DaktariMifugo_Moshi
Zote mbili. Na video moja akikujia uso kwa uso.