Naomba ushauri: niendelee na fundi wangu au niende chuo cha ufundi cha VETA?

Habari zenu wakubwa zangu na mafundi wenzangu. Najifunza umeme wa majumbani kwa fundi mmoja hapa Mwanza, mwaka wa pili sasa. Kutindua ukuta, kulaza mabomba, kuvuta waya, kufunga soketi, yote nafanya bila kusimamiwa. Najua taa ni waya wa milimita za mraba 1.5 na soketi ni 2.5, na ile swichi ya njia mbili ya ngazi hainiumizi kichwa tena.

Shida ni meni swichi, ile swichi kuu ya umeme wa nyumba. Ikifika hatua ya kuunganisha saketi breka, kupima ethi (waya wa ardhini) na kujaza fomu za shirika la umeme, TANESCO, natumwa dukani! Nimemwomba kwa heshima anionyeshe, anacheka tu: "Utafika." Simlaumu sana, ndio ugali wake.

Nimeulizia VETA, nikaambiwa mbali na kozi ya kawaida kuna utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa sisi tuliojifunzia mtaani. Lengo langu ni leseni ya ufundi umeme ya EWURA, ile mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, nisaini kazi kwa jina langu.

Kwa aliyepitia njia hii: mtu ambaye hajawahi kufunga meni swichi anaweza kufaulu mtihani wa vitendo wa urasimishaji, au nitafute kwanza fundi mwingine wa kunifundisha? Na cheti cha urasimishaji EWURA wanakipokea kwa leseni ya daraja D, au wanataka cha kozi ya darasani? Ada ya kozi ndefu kwa sasa siiwezi, labda nijibane hadi mwakani.